Nani Ametia Chumvi

Kazini walimwita Mama Shaka, na hakuwahi kulalamika. Jina alilipata kwenye vikao. Mtu akishamaliza kuonyesha grafu zake, na wenzake wameshaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika, yeye huinua kalamu na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi nina shaka." Basi aliyesimama mbele hukaa, kikao hurefuka, na chai hupoa vikombeni.

Alikuwa mwanafizikia, na karibu umri wake wote wa kazi aliumalizia chini ya ardhi. Alianza na neutrino, chembe ndogo mno zinazomwagika kutoka kwenye jua na kupita kila kitu, ukuta, mlima, mwili wa mtu, bila kubisha hodi. Mwalimu wake wa wakati ule, bwana mmoja mwenye jina kubwa, siku moja alitangaza kwamba kitambuzi chao kimeona jambo ambalo halijapata kuonekana. Magazeti yaliandika, watu walipongezana, na yeye, msichana mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Baadaye iligundulika kwamba kitambuzi kilikuwa kinashtuka kila mara mtambo wa baridi wa chumba cha pili ulipowaka. Mwalimu yule hakuinua tena kichwa. Watu walimcheka kwa adabu, kicheko kile cha kuulizana "hivi yule bwana yuko wapi siku hizi," mpaka akastaafu. Tangu hapo msichana yule hakukipigia makofi kitu chochote kabla hajakizunguka na kukinusa pande zote.

Kutoka kwenye neutrino alihamia kwenye maada ya giza. Mumewe, aliyekuwa refa wa mpira kwa miaka mingi na sasa anafundisha marefa wachanga, alipenda kuwaeleza wageni kazi hiyo kwa namna yake. "Wataalamu wamezitazama nyota," angesema, "wakaona zinakwenda mbio mno. Kwa uzito unaoonekana, zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Kwa hiyo kuna kitu kizito kinazishikilia, hakitoi mwanga, hakishikiki. Mke wangu ndiye anayekitafuta. Hajui kikoje, hajui kiko wapi, na kila asipokipata anaandika ripoti na kupandishwa cheo." Wageni walicheka. Mama Shaka naye alicheka, maana hakuwa na la kubisha.

Maabara yao ilikuwa ndani ya mgodi wa shaba ulioachwa na wachimbaji. Juu kulikuwa na ofisi: korido ndefu yenye sakafu ya kijivu, birika la umeme lililogoma kuzima lenyewe, na ubao mweupe ambao hata ukifutwa vipi, hesabu za zamani zilibaki zikionekana kwa mbali. Kwenda chini, unapanda lifti ya wachimbaji huku masikio yakiziba, unavaa helmeti na buti za mpira, unakanyaga tope la handaki mpaka kwenye mlango ambapo unavua vyote, unaoga, unavaa nguo nyeupe. Nyuma ya mlango huo palikuwa na tangi la maji kubwa kama nyumba, ndani ya maji pipa la chuma, na ndani ya pipa zenoni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Mwamba ulizuia miale ya angani, maji yakazuia miale ya mwamba, na pipa likakaa kimya kusubiri chembe moja ya giza ije ipige kumbo kiini cha atomu ya zenoni na kutoa mmweko hafifu. Miaka ilipita. Mmweko haukuja, au ulikuja wa aina wasiyoitaka.

Kulikuwa na kanuni moja pale ambayo ndiyo iliyozua yote. Mtu anayetafuta kitu kwa muda mrefu huanza kukiona hata kisipokuwepo. Kwa hiyo kikundi kilikubaliana kwamba mwenzao mmoja, anayejulikana na Mkuu wa maabara peke yake, atakuwa anapenyeza mimweko ya bandia ndani ya data, kimyakimya. Waliobaki wangeichambua yote bila kujua upi wa kweli na upi wa kupandikizwa, na mwisho kabisa, siku waliyoiita ya kufungua sanduku, mtu huyo angesimama na kusema, huu wangu, na huu, na huu. Mimweko hiyo waliiita chumvi. Utani ulijileta wenyewe: mtu akizidisha maneno pale kwenye birika, wenzake walimwuliza kama ndiye aliyekabidhiwa kijiko.

Basi ikafika wakati wa matengenezo. Zenoni ilisafishwa upya, na yale macho ya umeme yanayokodolea pipa yakabadilishwa yote. Kitambuzi kilipowashwa tena, mimweko ikaanza kuonekana. Ilikuwa hafifu, chini kabisa ya kiwango walichozoea, lakini ilikuwepo, na ilikuwa mingi kuliko hesabu yao ya takataka za kawaida, ile mimweko isiyo na maana, ilivyoruhusu. Vijana wa uchambuzi wakaanza kutembea koridoni kwa haraka. Mmoja alianza kunyoa ndevu kila siku, kana kwamba wapiga picha wako njiani.

Mama Shaka machale yakamcheza. Kila mtu pale alijua kwamba wafadhili walikuwa wamechoka na walikuwa wanajadili kuifunga maabara. "Miaka yote hii hakuna kitu," alijisemea akipanda ngazi za ofisini, "halafu kitu kinabisha hodi wakati uleule mwenye kufuli yuko njiani." Alipofika mezani kwake alikuwa ameshaamua. Chumvi imezidi, na imezidishwa kwa makusudi.

Swali likabaki, nani ana kijiko. Hakulitafuta jibu mbali sana.

Naibu wa Mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, mtu wa maneno machache ambaye tangu chuoni aliitwa Mpole. Mama Shaka ndiye aliyemfundisha kupima kelele za waya, kuandika kwa sentensi fupi, na kutoamini grafu nzuri. Siku ya harusi yake alikaa upande wa wazazi wa bwana harusi, akalia kuliko mama mzazi. Lakini tangu mimweko ianze, Mpole alikuwa amebadilika. Zamani akimkuta koridoni angesimama, angemwamkia, angeuliza hali ya Refa. Siku hizi "Shikamoo, Mwalimu" ilimfikia akiwa ameshampita. Akiingia ofisini kwake, kompyuta ilifunikwa. Na mara kwa mara alimwona akitoka kwa Mkuu akiwa amekunja uso kama mtu aliyeambiwa habari za msiba na kukatazwa kuzisema.

Mchana mmoja alimfuata ofisini. Alikaa bila kukaribishwa, kama alivyozoea.

"Mwanangu, hii mimweko unaionaje?"

"Naiona kama mnavyoiona nyote, Mwalimu."

"Sikuulizi sisi tunaionaje. Nakuuliza wewe."

Mpole alichukua kalamu, akaifunika, akaifunua. "Ni mapema kusema."

"Haya. Umeshuka chini siku za karibuni?"

"Chini?" Alitazama dirishani. "Si zamu yangu."

Macho ya Mama Shaka yalikuwa yameshafika chini ya meza. Pale, juu ya gazeti lililotandazwa, zilisimama buti za mpira, na tope lake lilikuwa bado bichi, linang'aa. Aliaga, akafunga mlango taratibu. Kijana aliyemlea amemdanganya usoni, tena kwa jambo la buti.

Nyumbani alimkuta mumewe anapiga pasi mashati yake meusi ya urefa, moja baada ya jingine, redio ikinong'ona pembeni.

"Mpole anaficha kitu," alisema kabla hajaweka mkoba.

"Kila mtu anaficha kitu. Mimi nimeficha karanga kwenye kabati la juu."

"Sitanii, Refa. Anatia data ya uongo. Yeye na Mkuu. Wanataka watangaze wamepata, maabara isifungwe, na yeye arithi kiti."

Refa aliisimamisha pasi. "Umeona akitia?"

"Nimeona buti zake."

"Buti." Alilikunjua kola la shati kwa vidole, bila haraka. "Mke wangu, mimi nimetoa kadi nyingi maishani. Nyingine hata leo zinaniamsha usingizini. Zote zinazoniamsha ni zile nilizotoa kwa sababu nilimwona mtu ameanguka, sikumwona aliyemwangusha."

"Wewe unampenda sana yule kijana."

"Na wewe humpendi?"

Alimpenda. Ndiyo maana ilikuwa inamuuma.

Kesho yake alikwenda kwa Mkuu. Alikuwa mzee mrefu, mwenye tabia ya kufuta miwani kwa ncha ya tai kila alipotaka kununua muda. Mama Shaka alimweleza wasiwasi wake wote bila kumung'unya maneno: mimweko imekuja kwa wakati wa kutilia shaka, imekaa mahali pamoja kwa unadhifu mno, na anaamini kiasi cha chumvi kimepita kile walichokubaliana.

Mkuu alifuta miwani. "Siwezi kukujibu, na unajua kwa nini siwezi."

"Niambie tu kama Mpole ndiye mwenye kijiko."

"Hilo ndilo hasa nisiloweza."

"Basi sitakuwa na njia nyingine ila kulisema kikaoni."

"Subiri kidogo, mama," alisema Mkuu. "Nakuomba. Subiri tumalize uchambuzi, kila kitu kitafunguliwa."

Ombi hilo ndilo lililomaliza. Kwenye masikio ya mtu mwenye shaka, neno "subiri" lina harufu yake. Alitoka pale akiwa na uhakika kwamba wanataka muda wa kuandaa tangazo.

Kikao kilikuwa cha kawaida, chumba kilekile cha viti vya plastiki na pazia lisilofika chini. Mchambuzi mmoja alimaliza kuonyesha mimweko mipya, na watu wakageuka kumtazama Mama Shaka hata kabla hajainua kalamu. Safari hii alisimama.

"Nina shaka," alisema, "na shaka yangu ina mtu. Naamini mimweko hii imepandikizwa, na haikupandikizwa kwa nia njema. Naamini anayeipandikiza ni naibu wa Mkuu. Aliniambia hajashuka mgodini, na siku hiyohiyo buti zake zilikuwa na tope bichi. Naomba aondolewe kwenye data mpaka sanduku lifunguliwe, na lifunguliwe mbele ya watu wa nje."

Mtu mmoja alikohoa na kujutia kukohoa. Mkuu alitafuta tai yake. Mpole alikuwa amekaa karibu na dirisha, na wote waliomtazama waliona rangi ikimtoka usoni.

"Una la kusema?" aliuliza mchambuzi aliyekuwa mbele, kwa sauti ya mtu anayetamani aambiwe hapana.

Mpole alimtazama Mkuu, kisha akamtazama mwalimu wake.

"Kwa sasa siwezi kusema kitu," alijibu.

Kwa watu wengi pale, hilo lilikuwa jibu tosha. Walipiga kura kwa mikono, wengine wakiinua nusunusu, wakiangalia jirani kafanya nini. Mpole alivua tagi lake la plastiki la kuingilia chumba cha kompyuta, akaliweka mezani, akatoka. Siku iliyofuata Mama Shaka alimkuta koridoni, karibu na birika. Safari hii alisimama. "Shikamoo, Mwalimu," alisema Mpole, wima, kwa utulivu wote wa zamani, akasubiri. Mama Shaka alifungua mdomo, marahaba ikakataa kutoka, akapita na kikombe chake kitupu.

Uchambuzi ulimalizwa na wengine, na sanduku likafunguliwa mbele ya wataalamu wawili walioalikwa kutoka nje. Mkuu alisimama, akasema bila mzunguko kwamba mwenye kijiko alikuwa kweli Mpole. Minong'ono ikaanza. Mama Shaka alihisi shingo ikinyooka. Kisha Mkuu akamwita Mpole aje aonyeshe chumvi yake mwenyewe.

Mpole alitembea mpaka mbele, akachukua rimoti, akaweka ile grafu waliyokwisha kuikariri wote, yenye nukta za kila mmweko. "Yangu ni hii," alisema, na nukta chache zikageuka nyekundu. Zilikuwa juu, mbali, kwenye upande ambao hakuna aliyekuwa anaujali. Lile kundi la chini, lile lililowanyima watu usingizi, halikuguswa hata nukta moja.

"Kiasi ni kilekile tulichokubaliana," aliendelea. "Hii ya chini si yangu. Sijui ni ya nani. Nilijua tangu mwanzo kwamba si yangu, kwa hiyo nilikuwa mtu pekee humu ndani anayejua kuna kitu kweli. Nilimwambia Mkuu peke yake. Sikutaka tuaibike, nikaomba nishuke nikatafute kasoro kwa mikono yangu. Nilikagua valvu, waya, taa, kila kitu, nisione kasoro. Nilishuka zaidi ya mara moja, na ilibidi nifiche, kwa sababu mngeniona nahangaika mngejua kwamba si chumvi, na kanuni yote ingevunjika." Aliweka rimoti mezani. "Mwalimu aliponiuliza, sikuweza kumwambia. Anausoma uso wangu vizuri mno. Ndiyo maana nilikuwa nampita."

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, na chumba kizima kikamfuata. Walikuwa hawampigii Mpole, au hawakumpigia yeye tu. Kama kundi la chini si chumvi, na kitambuzi hakina kasoro, basi ni maada ya giza. Watu walikumbatiana. Aliyenyoa ndevu alilia waziwazi. Mama Shaka alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote pale aliona macho yakimgeukia yeye kwa jicho lile alilozoea kuwatazamia wengine. Alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake neno wivu.

Alirudi nyumbani mapema. Refa alikuwa uani anafua neti za goli kwenye beseni, akaacha alipomwona uso. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nilikuwa na mechi moja," alisema baadaye, akikausha mikono kwenye suruali. "Nilikataa goli. Mshika kibendera alinionyesha kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, na kwa kanuni zetu refa haelezi uwanjani. Jukwaa lote likaimba kwamba nimehongwa. Chupa zilirushwa, na chupa nimezizoea. Ila nilipoinua macho nikamwona mzee aliyenifundisha kupuliza filimbi. Alikuwa kwenye viti vya mbele. Alitikisa kichwa, akainuka, akaondoka."

"Hukunisimulia hiyo."

"Nikusimulie ili iweje? Nilirudi nikala, nikalala."

Mama Shaka alikaa kwenye ngazi. Aliinamisha uso ndani ya viganja, na Refa akakaa kando yake, akimgusa bega kwa bega, harufu ya sabuni ikiwazunguka wote wawili.

Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha hata yakiwa yamemchoma. Maabara ilikuwa inaandika rasimu ya tangazo, na yeye hakuwa na uso wa kusimama tena na kusema neno lake. Lakini shaka ilikuwa haijaisha. Ilikuwa imekosea mtu tu. Kama haikuwa chumvi, na haikuwa waya, kulikuwa bado na orodha ya vitu vinavyoweza kujifanya maada ya giza, na kila kimoja kilikuwa kimepimwa zamani na kuwekewa namba. Alifunga mlango wa ofisi akaanza kuzikagua namba hizo moja moja, bila kumwamini yeyote. Mionzi ya chuma cha pipa: sawa. Vumbi la mwamba: sawa. Gesi iliyojipenyeza: sawa. Alizipima zote kwa ukali, kama mtu anayetafuta wa kumtupia mzigo.

Kisha akafika kwenye neutrino za jua. Kila mwanafizikia wa fani hiyo anajua kwamba neutrino, ikibahatika, inaweza kukipiga kumbo kiini kizima cha atomu, na mmweko wake hautofautiki na ule wa maada ya giza iliyo nyepesi. Lakini namba iliyoandikwa pale ilisema mimweko hiyo ni hafifu kupita uwezo wa kitambuzi chao, kwa hiyo isihesabiwe. Alitaka kuiruka. Mkono ulikuwa umeshaanza kufungua ukurasa unaofuata alipojiuliza ni nani aliyeipiga hesabu ile.

Ni yeye. Aliipiga miaka ya nyuma, kwa macho ya zamani, kabla ya matengenezo. Macho mapya yalikuwa yanaona hafifu zaidi, na hakuna aliyerudi kuisahihisha. Kwa nini warudi? Namba imetoka kwa Mama Shaka.

Aliipiga upya. Alipomaliza aliinuka, akachungulia korido kama mwizi, akarudi akaipiga tena. Lile kundi la chini lilikuwa mahali pake hasa, kwa wingi ule na kwa umbo lile. Walikuwa wameliona jua wakiwa chini ya mgodi.

Hakwenda kwa Mkuu. Alimfuata Mpole, ambaye alikuwa amerudishiwa tagi lake lakini alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha mikutano kilicho kitupu, mbali na wenzake. Aliweka karatasi mbele yake, akasimama. Mpole alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Neutrino," alisema.

"Neutrino."

"Hii sehemu niliifikia," Mpole alisema taratibu. "Nilipokuwa nazikagua zote, niliifikia, nikairuka."

"Wewe? Kwa nini?"

"Ilikuwa yako."

Mama Shaka alivuta kiti, safari hii akauliza kwanza kama anaweza kukaa. Mpole alitikisa kichwa kukubali.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea mbele za watu, na nitalisema mbele za watu haohao. Nilikuwa na nafasi ya kukuuliza kama mama anavyomwuliza mwanawe, nikakuvizia kama polisi. Nisamehe."

Kijana aliangalia karatasi. Hakuwa kijana tena, Mama Shaka aliona. Kichwa kilikuwa kimeanza kuingia mvi kando ya masikio.

"Nimekusikia, Mwalimu," alijibu.

Mama Shaka alisubiri labda litafuata neno jingine. Halikufuata. Wakaanza kazi ya kuthibitisha hesabu, wakikaa meza moja, wakipeana kalamu kwa adabu ambayo haikuwahi kuwepo kati yao.

Kikaoni alisimama, akaomba radhi kwa jina na kwa kosa, kisha akaonyesha hesabu, akianza na ile ya zamani na kusema ni ya nani. Baadhi ya watu hawakuficha hasira. Aliyenyoa ndevu aliuliza kama hii nayo si njia ya kuwanyima ushindi, na wataalamu wa nje ikabidi waipitie hesabu yote mbele yake. Ilisimama. Tangazo likabadilishwa. Halikusema kwamba maada ya giza imepatikana. Lilisema kwamba kitambuzi kilichojengwa kutafuta giza kimefanikiwa kuona neutrino za jua zikigonga viini vya zenoni. Ulimwenguni waliofurahi walikuwa wachache, lakini walikuwa wale wanaoelewa, na wafadhili walikubali kuiacha maabara wazi kwa awamu nyingine. Maada ya giza iliendelea kuwa ilivyo, popote ilipo.

Mkuu alipotangaza kustaafu, kila mtu alitarajia kiti kitakwenda kwa Mpole. Yeye akaandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa amepata nafasi kwenye maabara nyingine, bara jingine, kwenye kitambuzi cha neutrino.

Siku aliyoondoa vitu vyake, Mama Shaka na Refa walikwenda kumsaidia kubeba. Hakukuwa na vingi: vitabu, feni, picha ya harusi iliyofungwa kwa taulo. Refa alijitia kuwa fundi wa kupanga buti ya gari, akawa anatoa na kurudisha boksi lilelile na kulilaumu gari kwa udogo wake, na Mpole akacheka kidogo. Mke wa Mpole alikuwa ameshatangulia kule.

"Ni kwa sababu yake hasa," Mpole alimwambia Mama Shaka, wakiwa wamesimama kando, pasipo mtu kumwuliza. "Amepata kazi nzuri kule. Mimi nimemfuata tu."

Alisema huku ameangalia funguo za gari mkononi. Mama Shaka alimtazama usoni, uso aliousoma tangu ukiwa wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na pale pembeni mwa mdomo aliona kitu kikikaza na kulegea. Maswali yalimjaa. Kazi hiyo ya mke ilipatikana lini, kabla ya kikao kile au baada yake? Nani alianza kuomba, mke au mume? Yalimpanda mpaka kwenye ulimi.

"Vizuri," alisema. "Mpe salamu zangu."

"Zitafika."

Refa alifunga buti ya gari kwa kishindo, akaisukuma mara ya pili ilipokataa kushika. Mpole aliwapa mkono wote wawili, akaingia, akarekebisha kioo. Gari liliteremka ule mteremko wa kokoto, likapita geti, likakata kona penye duka la vyuma. Mumewe alimwuliza kama waende, naye akasema ngoja kwanza, akabaki anaiangalia barabara, akilisukuma chini lile swali la kabla ya kikao au baada yake, ambalo alijua hataliuliza.